Ufunguo wa Mlango wa Mzee

Mwaka 1983 lilifunguliwa mjini Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, jengo la fleti lililowatia wasiwasi wakaguzi wa serikali. Lilikuwa na fleti zaidi ya 100, kila moja na bafu lake, jiko dogo na friji. Wapangaji walikuwa wazee. Wengi walihitaji kusaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa kwa wakati, na baadhi walitembelea viti vya magurudumu. Kwa desturi ya siku zile, watu wa hali hiyo walipelekwa nyumba ya uuguzi wakakaa humo hadi kufa. Hapa wahudumu walikuwapo, muuguzi aliitwa alipohitajika, na kengele ya dharura ilikuwa karibu. Kilichowakosesha wakaguzi raha ni mlango: kila fleti ilikuwa na kitasa, na ufunguo aliushika mzee mwenyewe. Aliweza kujifungia ndani. Aliweza kufuga paka, kukesha, kulala mchana, kula alichokatazwa na daktari na kumkaribisha amtakaye.

Jengo hilo, Park Place, hutajwa mara nyingi kuwa chimbuko la makao ya wazee yenye huduma, yale ambayo mkazi anaishi kama mpangaji na kusaidiwa pale tu anaposhindwa. Leo Marekani ina makao ya namna hiyo takriban 30,000, yenye wakazi zaidi ya 800,000. Mtoto anayemtafutia mzazi wake nafasi hupokewa na mtu wa mauzo, akatembezwa kwenye sebule yenye piano, mkahawa, saluni na bustani, akapewa ratiba ya mazoezi. Yote hayo yana thamani yake. Ila anayejua makao haya yalikotoka ataanza na mlango wa chumba, aulize unafungwa kutoka upande gani na ufunguo unakaa kwa nani. Jambo hilo limegombaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado linagombaniwa.

Kabla ya karne ya 20, Mmarekani aliyezeeka bila mali wala mtoto wa kumtunza aliishia nyumba ya maskini ya kaunti yake. Humo walirundikwa pamoja yatima, walevi, vipofu, wagonjwa wa akili na wajane. Aliyeingia aliacha uhuru wake mlangoni: alilala alipolazwa, alikula kengele ilipogongwa, na katika baadhi ya majimbo hata kupiga kura hakuruhusiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mshairi Will Carleton alipochapisha shairi kuhusu mama mzee anayekataliwa na wanawe mmoja baada ya mwingine hadi akaishia huko, lilienea nchi nzima, kwa kuwa hofu hiyo ilikuwa ya kila nyumba. Polepole watoto walihamishiwa vituo vya yatima, na wagonjwa wa akili wakapelekwa hospitali zao. Waliobaki, kufikia miaka ya 1920, wengi wao walikuwa wazee.

Aliyeamua nani alale wapi mara nyingi alikuwa mtunza hazina. Mwaka 1890 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kubeba gharama za wagonjwa wa akili waliokuwa wakitunzwa na kaunti. Wakuu wa kaunti walipiga hesabu: mzee anayesahau jina lake, akibaki nyumba ya maskini, analishwa na kaunti, akiandikwa kuwa mwendawazimu, analishwa na jimbo. Wazee wengi walibadilishiwa makao kwa kalamu tu. Majimbo mengine nayo yakaenda njia hiyo, na kwa nusu karne na zaidi hospitali kubwa za wagonjwa wa akili zikawa ndizo makao ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, nyuma ya milango ya wodi ambayo funguo zake zilining'inia viunoni mwa walinzi.

Wakati huohuo, huko Frankfurt, Ujerumani, mke wa mfanyakazi wa reli alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwezi Novemba 1901. Aliitwa Auguste Deter, akiwa na miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alikaa naye akimuuliza maswali na kuandika majibu. Alimwonyesha vitu, akavitaja, na muda mfupi baadaye akawa amevisahau. Alipoambiwa aandike jina lake, alianza na kushindwa kumaliza. Alifariki Aprili 1906, na tarehe 3 Novemba mwaka huo Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen alichokiona katika ubongo wake kwa hadubini. Hawakuvutiwa. Mwaka 1910 daktari wa akili Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya akili, lakini akauweka katika fungu la maradhi ya nadra ya watu wasiofika uzeeni. Uamuzi huo uliwagharimu wazee miaka mingi. Bibi wa miaka 50 aliyesahau alikuwa mgonjwa. Bibi wa miaka 80 aliyesahau vilevile alihesabiwa kuwa amezeeka tu, na uzee hautafutiwi dawa.

Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyowapa wazee maskini posho ya kila mwezi. Ndani yake kulikuwa na sharti: posho haitolewi kwa mtu anayeishi katika taasisi ya umma. Waliolitunga walitaka kuzikausha nyumba za maskini, mzee apate fedha za kuishi kwake. Hawakuhesabu wale wasioweza kuishi peke yao. Wazee hao walikuwa na posho mkononi na hawana pa kwenda, na biashara ikaiona nafasi. Wenye nyumba kubwa na wauguzi wasio na ajira walianza kupokea wazee kwa malipo ya posho ileile. Hivyo ndivyo nyumba za uuguzi za watu binafsi zilivyoenea Marekani.

Hatua mbili zilizofuata zilizipa nyumba hizo sura ya hospitali. Mwaka 1954 fedha za serikali za kujengea hospitali ziliruhusiwa kujenga nyumba za uuguzi pia, na tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alianzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, mpango wa kuwalipia maskini. Fedha zikatiririka, na pamoja nazo masharti. Wachoraji wa majengo walinakili walichokijua: korido ndefu, kaunta ya wauguzi katikati, vitanda viwiliviwili, milango mipana ya kupitisha kitanda, isiyo na kitasa. Hofu ya moto nayo ilikuwa ya kweli. Novemba 23, 1963, nyumba ya uuguzi iliteketea huko Fitchville, Ohio, wakafa wazee 63. Taifa halikupata nafasi ya kuwalilia. Rais Kennedy alikuwa ameuawa siku moja kabla.

Usalama ukawa jibu la kila swali. Mzee anayeyumba ataanguka, basi afungwe kitini. Anayezungukazunguka usiku atapotea, basi afungwe kitandani. Ilitumika mikanda, fulana zenye kamba, na viti vyenye meza ya kumzuia mtu asinyanyuke. Makadirio yaliyotajwa sana katika miaka ya 1980 yalisema takriban wakazi wanne kati ya kumi wa nyumba za uuguzi walikuwa wakifungwa. Mwaka 1986 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilitoa ripoti nzito kuhusu hali za nyumba hizo, na tarehe 22 Desemba 1987 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyompa mkazi haki ya kutofungwa kwa ajili ya kumwadhibu au kumrahisishia mhudumu kazi. Kamba zilipungua mno katika miaka iliyofuata. Kilichowashangaza wengi ni kwamba wazee waliofunguliwa hawakuongezeka kuumia. Mtu aliyefungwa siku nzima hudhoofika misuli, na akijaribu kujinasua huanguka vibaya zaidi.

Keren Brown Wilson, mwanzilishi wa Park Place, hakungoja sheria hiyo. Alikulia West Virginia, na alikuwa na miaka 19 mama yake, Jessie, alipopigwa na kiharusi akiwa na miaka 55 tu. Mama alikuwa na akili timamu na mwili uliopooza nusu. Alipelekwa nyumba ya uuguzi, kisha nyingine. Aliamshwa, alivishwa na kulishwa kwa saa za wengine, na kila binti alipokuja kumtazama, aliomba arudishwe nyumbani. Binti alipochagua kusomea elimu ya uzee, mama alimuuliza kwa nini asifanye kitu cha kuwasaidia watu kama yeye. Orodha yake ya mahitaji haikuwa ndefu. Alitaka chumba kidogo chenye jiko na bafu, vitu vyake anavyovipenda, paka wake, birika la kahawa na sigara zake. Alitaka awe na wa kumsaidia katika yale asiyoyaweza. Na alitaka mlango wa kufunga.

Wilson alichukua shahada ya uzamivu Portland na kuolewa na mwanasosholojia. Yeye na mumewe waligeuza orodha ile kuwa ramani ya jengo. Mtu akisoma historia hii kwa haraka ataona ni wazo jepesi, na atashangaa kwa nini halikuja mapema. Ugumu wake ulikuwa hapa: chini ya kanuni za nyumba za uuguzi, mhudumu ndiye aliyekuwa mwenyeji na mzee akawa mgonjwa aliyelazwa, lakini katika fleti yenye kitasa mhudumu anabisha hodi. Akinyimwa ruhusa, anabaki nje. Vitu viwili, kitasa na hodi, viligeuza nani ana nyumba na nani ni mgeni. Kila kilichofuata, tangu saa ya kuamka hadi chakula cha jioni, kilitokana na hapo.

Wakaguzi waliona hatari, na hatari ilikuwapo. Mzee aliyejifungia akianguka bafuni, nani atamwinua? Mwenye kisukari akila keki usiku, nani atalaumiwa? Oregon iliruhusu jaribio hilo kwa sharti la kuwafuatilia wakazi afya zao, akili zao na furaha yao. Jimbo lilikuwa tayari kwa mambo mapya, maana mwaka 1981 lilikuwa la kwanza nchini kupewa kibali cha kutumia fedha za Medicaid kuwatunza wazee nje ya nyumba za uuguzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1988. Wazee hawakuwa wameuza afya zao ili kununua uhuru. Waliridhika zaidi na maisha, afya yao haikushuka, uwezo wa mwili na akili uliongezeka, sonona ilipungua, na kwa wale waliolipiwa na serikali gharama ilikuwa chini kwa asilimia 20 kuliko katika nyumba ya uuguzi. Punde Oregon ikaweka katika kanuni zake kwamba makao ya aina hii lazima yawe na fleti za faragha zenye milango ya kufungwa.

Upande wa pili wa nchi, wazo hilohilo lilikuwa linazaliwa kwa sura nyingine. Paul na Terry Klaassen walianza mwaka 1981 na jengo kuukuu huko Oakton, Virginia. Walitamani makao kama yale ya wazee ya Uholanzi, na walipofanikiwa wakajenga majumba yenye veranda pana na ngazi za mbao kama nyumba za matajiri wa karne ya 19. Kampuni yao, Sunrise, iliingia soko la hisa mwaka 1996. Kampuni aliyoianzisha Wilson mwaka 1994 nayo iliingia huko. Katika miaka ya 1990 wawekezaji walimiminika, majengo yakaota kandokando ya barabara kuu, na karibu kila makao ya wazee yakajipachika jina la makao yenye huduma, hata yale ambayo wazee walilala wawiliwawili na mlango hauna kitasa. Hapakuwa na wa kuwazuia: serikali kuu husimamia nyumba za uuguzi, lakini makao yenye huduma imeyaachia majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake na hata majina yake.

Wilson alijiuzulu uongozi wa kampuni mwaka 2000 na kuelekeza nguvu kwenye mfuko wa hisani alioupa jina la mama yake. Daktari Atul Gawande alipomhoji kwa ajili ya kitabu chake kuhusu uzee na kufa, kilichotoka mwaka 2014, Wilson alimweleza jambo ambalo kila mtoto anayetafuta makao angepaswa kulisikia kabla ya kupanga miadi ya kwanza. Watu, alisema, hujitakia uhuru wao wenyewe, na wale wanaowapenda huwatakia usalama. Makao hujengwa kumpendeza anayechagua, na anayechagua kwa kawaida ni binti au mwana. Ndiyo maana ukumbi wa kuingilia hung'aa kuliko vyumba, na ndiyo maana maswali yanayoulizwa zaidi katika ziara ni ya kuanguka na ya dawa. Ni nadra mtoto kuuliza kama mama ataweza kuchelewa kulala.

Yote haya yanamhusu mzee mwenye akili timamu. Kwa anayesahau, mlango ni kitendawili kingine kabisa, maana akitoka bila mtu anaweza kuganda kwenye theluji au kugongwa na gari, na akifungiwa hupandwa na wahka mpaka akaugonga mlango kwa ngumi.

Mwaka 1976 daktari wa neva Robert Katzman aliandika makala fupi iliyosema kwamba kusahau kwa wazee na ule ugonjwa wa nadra wa Alzheimer ni kitu kimoja, na kwamba ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi nchini. Mzigo ulioachwa na Kraepelin ukatuliwa. Familia zilizokuwa zikihangaika faraghani zilikutana, na mwaka 1980 vikundi vyao viliungana chini ya mfanyabiashara wa Chicago, Jerome Stone, ambaye mkewe alikuwa mgonjwa, vikaunda chama cha taifa cha Alzheimer. Mwaka 1983 Reagan aliutangaza Novemba kuwa mwezi wa ugonjwa huo. Novemba 5, 1994, Reagan, sasa rais mstaafu, aliwaandikia Wamarekani barua kwa mkono wake kuwaambia kwamba sasa ni mmoja wa wagonjwa.

Majaribio ya majengo ya wagonjwa hao yalikuwa yameanza mapema. Mwaka 1974, katika Kituo cha Wazee cha Philadelphia, mwanasaikolojia Powell Lawton alisaidia kubuni jengo lililoondoa korido ndefu. Vyumba vilizunguka ukumbi mmoja mpana, na mzee aliyefungua mlango aliona kila kitu kwa mara moja: meza za chakula, wahudumu, wenzake. Lawton aliamini kwamba kadiri mtu anavyopungukiwa uwezo ndivyo mazingira yanavyomtawala zaidi, kwa hiyo kosa dogo la mchoraji linaweza kumwangusha mzee ambaye ugonjwa wenyewe ulikuwa haujamwangusha bado.

Kituo cha Corinne Dolan, kilichofunguliwa Chardon, Ohio, mwaka 1989, kilijengwa makusudi kwa utafiti. Watafiti walijaribu mambo madogo ya kila siku. Choo kilipoonekana wazi kutoka kitandani, wazee walikitumia. Kilipofichwa nyuma ya pazia, walijikojolea na kuandikwa kuwa hawajiwezi. Kisanduku cha kioo kando ya mlango wa chumba, chenye picha ya harusi au medali ya vita, kiliwasaidia baadhi kukitambua chumba chao. Kisha wakaja kwenye mlango wa kwenda bustanini. Ulipokuwa umefungwa, wazee walihangaika. Ulipoachwa wazi, wahka ulipungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ni jambo la kusikitisha kwamba hadi leo makao mengi yana bustani nzuri ambayo mlango wake unafunguliwa na mhudumu tu, siku akipata nafasi.

Huko Oakmont, Pennsylvania, Woodside Place ilifunguliwa mwaka 1991 kwa wazee 36, waliogawanywa katika nyumba tatu za watu 12. Vyumba vilipewa milango iliyokatwa katikati, ambayo sehemu ya chini inafungwa na ya juu inabaki wazi. Mzee akawa na mpaka wake, na bado akaona na kuonekana. Nadhani ni mojawapo ya majibu bora yaliyowahi kutolewa kwa swali hili, na halikuhitaji teknolojia yoyote zaidi ya msumeno wa seremala.

Sehemu kubwa ya biashara haikufuata mfano huo. Kitengo cha kumbukumbu, kama kinavyoitwa sasa, mara nyingi kilikuwa korido ileile iliyowekewa kidude cha namba mlangoni na kupandishiwa bei. Ofisi ya Bunge ya Kutathmini Teknolojia ilipochunguza vitengo hivi mwaka 1992 ilikuta vinatofautiana mno, na kwamba jina la huduma maalumu halikumhakikishia mtu chochote. Kanuni za moto, kwa upande wao, zilikataa mlango usiofunguka kabisa. Suluhu iliyozoeleka ni mlango unaochelewa: mtu akiusukuma, kengele inalia, na baada ya sekunde 15 unaachia. Sekunde 15 zinatosha mhudumu kufika, kama yupo.

Uholanzi ilijaribu kuusogeza mlango mbali. Yvonne van Amerongen na wenzake walikuwa wakifanya kazi katika nyumba ya uuguzi ya kawaida mjini Weesp, karibu na Amsterdam, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikiri kwamba hawangetaka wazazi wao wenyewe waishi humo. Waliibomoa fikra kwanza, jengo baadaye. Kijiji cha Hogeweyk kilikamilika mwaka 2009: nyumba 23 za watu sita au saba, wote wakiwa na ugonjwa wa kusahau, zikizungukwa na mitaa, uwanja, duka la vyakula, mkahawa na ukumbi wa maonyesho. Wakazi walipangwa kufuatana na maisha waliyoyazoea, wakiwamo waliokulia Indonesia enzi za ukoloni, ambao walipikiwa wali na viungo. Mzee anatoka nyumbani kwake akitaka, anakwenda dukani, anarudi. Lango moja tu la nje ndilo linalolindwa.

Wapo wanaosema kijiji hicho ni uongo mkubwa. Hoja hiyo inafaa zaidi kuelekezwa Düsseldorf, Ujerumani, ambako makao ya wazee yaliweka kituo cha basi ambacho basi halifiki, ili mzee anayetaka kwenda kwao akae kwenye benchi mpaka asahau alikotaka kwenda. Kile ni kituo cha kudanganya, hata kama kina huruma ndani yake. Hogeweyk duka ni duka, mkate ni mkate, na mzee aliyesahau kulipa hafuatwi na polisi. Yanayofanyika humo ni maisha ya kweli ndani ya uzio, na mtu anaweza kuupinga uzio bila kuyadharau maisha.

Mwandishi yeyote wa Kiswahili anayeandika juu ya milango hii hawezi kuwapita watu wanaozijua namba zake. Seattle, Minneapolis, Dallas, Lowell: katika miji hii Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wamejipatia riziki kwa kazi ya kutunza wazee, kazi ambayo nyumbani hutiwa kapu moja na kubeba boksi. Katika jimbo la Washington baadhi yao wamepiga hatua na kuwa wenye nyumba, kwa kuwa sheria ya huko inaruhusu nyumba ya kawaida ya mtaani kupewa leseni ya kutunza wazee wasiozidi sita, au wanane kwa kibali zaidi. Saa nane usiku, mzee anapoamka akitafuta shule aliyofundisha miaka 40 iliyopita, anayetembea naye korido ni mtu huyu, mara nyingi akiwa katika zamu yake ya pili kwa siku. Uchunguzi wa ProPublica na kipindi cha Frontline uliorushwa mwaka 2013 ulionyesha jinsi uhaba na mafunzo hafifu ya wahudumu katika makao ya biashara yalivyoishia kwa vifo. Mchoro wa jengo hausaidii kitu usiku ambao mhudumu mmoja ameachiwa wazee wengi kupita uwezo wake.

Mlango mwingine ni wa fedha. Medicare hailipi kodi ya makao haya. Medicaid inaweza kulipia huduma katika majimbo mengi, si chumba wala chakula. Wengi hujilipia, na mwaka 2024 bei ya wastani ilikuwa karibu dola 5,900 kwa mwezi, huku kitengo cha kumbukumbu kikizidi hapo. Nyumba ya familia huuzwa. Fedha zikiisha, mkataba ndio unaosema kama mzee atabaki, na kurasa hizo husomwa kwa nadra siku ya kuhamia. Wenye hekima huzisoma kabla, hasa kifungu cha sababu za kumtoa mkazi, kisha hutafuta ripoti za ukaguzi ambazo majimbo huziweka wazi, na humpigia mtetezi wa wazee wa jimbo. Ofisi ya mtetezi huyo ilianza kama jaribio mwaka 1972, ikafanywa ya lazima kwa kila jimbo mwaka 1978, na hailipishwi.

Mwezi Januari 2014 serikali kuu ilitoa kanuni kwa makao yote ambayo huduma zake zinalipiwa na Medicaid kupitia vibali vya majimbo, na muda wa mwisho wa kuitimiza ulikuwa Machi 17, 2023. Inasema mkazi awe na mlango anaoweza kuufunga mwenyewe, na funguo nyingine ziwe kwa wahudumu wanaohusika tu. Apate chakula saa yoyote. Apokee wageni saa yoyote. Ni karibu orodha ya Jessie, ikiwa imeandikwa kwa lugha ya serikali. Kwa anayesahau, haki hizo zinaweza kupunguzwa, lakini si kwa sababu tu amehamia kitengo cha kumbukumbu: lazima iandikwe hatari gani inamhusu yeye binafsi, njia zipi nyepesi zilijaribiwa kwanza zikashindikana, kizuizi kitapitiwa upya lini, na nani aliridhia. Kanuni hiyo haiwafungi wasiopokea fedha za Medicaid. Hata hivyo hakuna kinachomzuia binti au mwana kuuliza, katika makao yoyote atakayotembelea, kama karatasi ya namna hiyo huandikwa kwa kila mzee aliyefungiwa mlango, na kuomba aonyeshwe fomu yake tupu kabla ya kuonyeshwa piano.